Senti 31 Dirishani: Maisha ya Maggie Lena Walker

Hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, siku ya kufungua mzunguko mpya

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa kikundi, wageni waalikwa, mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Mama, tuletee habari za mwanamke aliyefika mbali kwenye biashara, wasichana wetu wamsikie." Nikakaa nikafikiria. Majina yapo, hata ya hapa kwetu, na yanastahili kutajwa. Lakini jina lililoniganda ni la mwanamke aliyezaliwa mwaka 1864 mjini Richmond, jimbo la Virginia, huko Marekani. Anaitwa Maggie Lena Walker. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake, wa rangi yoyote, kupata kibali cha kuanzisha benki, na alikuwa rais wa benki hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Nimemleta hapa kwa sababu alianzia pale pale mlipo nyinyi. Benki yake ilizaliwa ndani ya chama cha kufa na kuzikana.

Kabla sijaendelea naye, nina jambo langu la kusema. Mimi nimekaa nyuma ya dirisha la benki miaka 27. Mwaka wangu wa tatu kazini, asubuhi ya Jumatatu, alikuja mama mmoja muuza maandazi. Mkononi ana kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu, nyingine zimenata kwa mafuta na unga wa ngano. Akaliweka juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka mtoto. Msimamizi wetu akapita, akatazama foleni, akatazama kopo. Akasema, "Mama, hizi ni za kuhesabu nusu siku. Nenda kazibadilishe dukani, uje na noti." Yule mama hakubisha. Alilifunika kopo kwa pindo la khanga, akageuka, akatoka. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, kalamu mkononi, sikusema neno. Sikumwona tena. Kila ninaposoma habari za Maggie Walker namkumbuka yule mama akishuka ngazi na kopo lake.

Sasa tumrudie Maggie. Mama yake, Elizabeth Draper, aliwahi kuwa mtumwa. Maggie alipozaliwa, Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa bado vinapiganwa, na Richmond ndiyo iliyokuwa makao makuu ya majimbo ya Kusini yaliyotaka utumwa uendelee. Mama yake alikuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba ya mwanamke tajiri wa Kizungu, Elizabeth Van Lew, ambaye kwa siri alikuwa jasusi wa upande wa Kaskazini. Baba mzazi wa Maggie alikuwa Mzungu mzaliwa wa Ireland. Hakumlea. Aliyemlea ni baba wa kambo, William Mitchell, mtumishi katika nyumba ile ile, ambaye baadaye alipata kazi hotelini. Wakahamia kanyumba kao wenyewe kwenye kichochoro katikati ya mji, akazaliwa mdogo wake Maggie, Johnnie.

Mwaka 1876 mwili wa William Mitchell ukaopolewa kutoka Mto James. Serikali ikaandika kwamba alijiua. Mkewe hakukubali mpaka anaingia kaburini. Aliamini mumewe aliuawa. Lakini kuamini hakulishi watoto. Mama yule akaanza kufua nguo za Wazungu ili wanawe wale, na Maggie, binti wa karibu miaka kumi na miwili, akawa mkono wake wa kulia: amtazame mdogo wake, asaidie kufua, abebe nguo chafu kutoka nyumba za watu na azirudishe zikiwa safi. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa, alipenda kusema kwamba yeye alizaliwa na kapu la nguo za watu kichwani.

Wanangu, kuna mengi mtoto anajifunza akibeba nguo za watu. Anaingia kwa mlango wa nyuma. Anajua nani analipa kwa wakati na nani anasema njoo kesho. Anajua senti tano ina uzito gani, kwa sababu ameona mgongo wa mama yake ulivyopinda kuitafuta. Hayo hayakuandikwa kwenye cheti chake cha shule, lakini mimi nikiitazama benki aliyoijenga nayaona humo.

Shule alisoma, tena vizuri. Alimaliza chuo cha ualimu cha watu weusi mwaka 1883, na hapo ndipo mji ulipoisikia sauti yake mara ya kwanza. Wahitimu Wazungu walikuwa wanafanyiwa mahafali kwenye jumba la michezo ya kuigiza la mji, weusi wanapelekwa kanisani. Maggie na wenzake wakagoma. Walisema wazazi wao wanalipa kodi kama wengine. Hawakupata walichotaka chote, ila kanisani hawakwenda. Mahafali yakafanyika shuleni kwao. Akafundisha miaka mitatu. Mwaka 1886 akaolewa na Armstead Walker, mjenzi wa nyumba za matofali, na kazi ya ualimu ikaishia hapo, maana utaratibu wa wakati ule haukuruhusu mwanamke aliyeolewa kufundisha.

Lakini alikuwa na pengine pa kufanyia kazi. Tangu ana miaka 14 alikuwa mwanachama wa Independent Order of St. Luke. Jina linatisha kidogo, lakini nyinyi mnakijua chama cha namna hiyo kuliko mimi ninavyoweza kukieleza. Kila mwanachama analipa ada yake ndogo. Ukiugua, wenzako wanakuja kukuuguza na kukusaidia. Ukifa, unazikwa kwa heshima. Kilianzishwa Baltimore na mwanamke mweusi, Mary Prout. Kwa watu waliotoka utumwani, ambako mtu alizikwa bila jina, kuwa na uhakika wa jeneza na wenzako nyuma yake halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Maggie akapanda humo ngazi kwa ngazi. Mwaka 1895 alianzisha tawi la watoto, na hilo ndilo analosifiwa kidogo kuliko linavyostahili, nitalirudia. Mwaka 1899 chama kilikuwa kinakata roho. Katibu mkuu aliyekuwapo aliona hapana matumaini, akang'atuka. Maggie akakubali kuchukua nafasi hiyo kwa mshahara wa dola 8 kwa mwezi, kama theluthi ya aliyokuwa analipwa mtangulizi wake. Akafungua hazina. Ndani mlikuwa na dola 31 na senti 61. Madeni yalikuwa dola 400. Wanachama walio hai kwa ada walikuwa elfu moja na kidogo.

Mwekahazina, najua umeguna. Nimekusikia.

Wengi wetu tungevunja kikundi siku hiyo hiyo, tugawane lawama. Yeye aliingia barabarani. Alizunguka mji kwa mji akisajili watu, akifungua matawi, na aliporudi ofisini alikaa na madaftari. Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 1901, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama akasema maneno ambayo Richmond inayakumbuka mpaka leo. Aliwaambia: tuweke fedha zetu pamoja, tuzitumie wenyewe, tukopeshane wenyewe na faida tuivune wenyewe. Tuwe na benki itakayopokea sarafu za senti tano na kuzigeuza kuwa dola. Akaomba pia gazeti, na biashara zitakazoajiri mabinti zao. Gazeti likatoka mwaka uliofuata, likiitwa St. Luke Herald, na halikuwa gazeti la matangazo ya misiba tu. Lilipiga kelele dhidi ya mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya Wazungu, wakati kuandika hivyo kungeweza kumgharimu mtu maisha.

Benki ilikuwa ngumu zaidi, na ni muhimu mjue kwa nini. Watu weusi wa Marekani walikuwa wameshaumwa na benki. Mwaka 1865, vita vikielekea kwisha, ilianzishwa benki ya akiba kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, Freedman's Savings Bank, na ilikuwa na tawi hata Richmond. Kibali chake kilitolewa na Bunge la nchi na watu wakaiamini kama serikali yenyewe. Wafuaji, vibarua na askari waliostaafu wakapeleka humo senti zao za kwanza za uhuru. Wakubwa wakazikopesha ovyo kwa marafiki na kwa miradi ya kubahatisha. Mwaka 1874 ikafunga milango. Waweka akiba zaidi ya 60,000 wakabaki na vitabu visivyo na kitu, karibu dola milioni 3 zikiwa zimekwama humo, na wengi hawakuona hata nusu ya haki yao. Maggie alikuwa anakaribia miaka kumi mwaka ule. Katika mitaa aliyokuwa anapita na kapu lake kulikuwa na nyumba zilizokuwa na kitabu cha benki ile kabatini.

Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa anawaomba watu walioumwa na nyoka washike kamba.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu kina neno ambalo nimelitamka dirishani mara maelfu bila kulifikiria. Fedha ya mteja iliyoko benki tunaiita amana. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia jirani akikuachia ufunguo wa nyumba, au mtu anayekwenda Hija akikuachia watoto wake. Amana unairudisha kama ilivyo, na ukiila, umekula heshima yako. Maggie Walker hakukijua Kiswahili, lakini miaka yake yote ya kazi naisoma kwa neno hilo moja.

Alijiandaaje? Hakuanza kwa kuchapisha kadi zenye cheo. Alikwenda kwenye benki ya Wazungu pale mjini, Merchants' National Bank, akaomba kujifunza, na kwa miezi alikuwa anakwenda pale kila siku kwa saa kadhaa kutazama benki inavyoendeshwa. Mwanamke mweusi wa karibu miaka 40, mke wa mtu, mama wa watoto, katibu mkuu wa chama, amekaa kama mwanafunzi. Halafu akamchukua Emmett Burke, kijana aliyekuwa ameshafanya kazi katika benki nyingine ya watu weusi ya mji ule, akamfanya keshia. Keshia wa zama zile hakuwa mhesabu noti dirishani kama nilivyokuwa mimi; ndiye aliyeshika uendeshaji wa kila siku. Rais akawa Maggie. Na kwenye bodi aliweka wanawake pamoja na wanaume.

Tarehe 2 Novemba 1903, St. Luke Penny Savings Bank ikafungua mlango. Penny ndiyo senti. Mngeweza kuiita Benki ya Akiba ya Senti, na jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi. Siku hiyo ya kwanza walikuja watu karibu 280, wakaweka zaidi ya dola 8,000. Wengine walileta zaidi ya dola 100. Wengine dola moja mbili. Na mtu mmoja alifika dirishani akafungua akaunti kwa senti 31.

Nimeifikiria hiyo senti 31 kwa miaka. Jina la mwenyewe sikulikuta popote niliposoma. Lakini nafahamu kazi inayofanyika nyuma ya dirisha. Mtu mwenye senti 31 anahitaji ukurasa wake kwenye leja, kitabu chake, jina lake liandikwe bila kukosewa, sahihi yake au alama ya kidole, na salio lake lijumlishwe jioni pamoja na la mwenye dola 100. Gharama ya karatasi na wino peke yake inakaribia kuimaliza faida yote utakayoipata kwake kwa muda mrefu. Msimamizi wetu angemwambia aende akabadilishe dukani. Pale Richmond aliandikiwa. Kopo lile la maandazi lingehesabiwa.

Na watoto. Niliwaahidi nitarudi kwao. Chama kiliwapa watoto visanduku vidogo vya karatasi ngumu wadundulize humo senti zao, kibubu hasa, na kikifika dola moja mtoto anafunguliwa akaunti yake mwenyewe. Maggie alijivunia kwamba baadhi yao walifikisha mamia ya dola kwa kuuza magazeti, kukata majani na kutumwatumwa siku za Jumamosi.

Alikuwa na habari moja aliyopenda kuisimulia, ya kijana mng'arisha viatu mwenye mguu mmoja. Alikuwa na kiti kimoja cha kukodi, kando ya barabara, juani na mvuani. Akajiunga na chama. Wakamsaidia kuweka akiba, na alipofikisha dola 50 wakamsaidia kukodi kibanda cha viti vitatu. Miaka saba baadaye alikuwa na mahali pake mwenyewe penye viti kumi na viwili. Alikuwa amemnunulia mama yake nyumba ya dola 1,900, ina samani, haidaiwi, na akaunti yake haikuwahi kushuka chini ya dola 500. Angalieni hesabu hiyo, wanangu: kiti kimoja, vitatu, kumi na viwili. Hakuna aliyemkopesha viti kumi na viwili siku ya kwanza. Leo hapa kwetu mtu anakupigia simu anakupa milioni kwa saa moja, marejesho kila wiki, kisha anakuja kubeba godoro na jiko. Mmeiita wenyewe kausha damu, na jina limekaa mahali pake.

Mikopo ya benki ile ilikwenda zaidi kwenye nyumba. Mpaka mwaka 1920 ilikuwa imewawezesha watu weusi wa Richmond kununua nyumba zaidi ya 600. Kwa familia iliyokuwa inafukuzwa kila mwenye nyumba akipandisha kodi, hilo lilikuwa badiliko la kizazi.

Nisiwapitishe mno, lakini mjue pia hakuwa mtu wa ofisini pekee. Mwaka 1904 kampuni ya tramu ya mji, yale mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli za barabarani, ilipoanza kuwatengea weusi viti vyao, yeye na mhariri John Mitchell wa gazeti la Richmond Planet walihimiza watu watembee kwa miguu. Walitembea, na mwaka huo huo kampuni ikafilisika, ingawa ubaguzi ukaja kupitishwa na sheria baada ya miaka miwili.

Sasa niseme habari ya duka, kwa sababu wanaomsifu wanapenda kuiruka. Mwaka 1905 alifungua duka kubwa kwenye barabara kuu ya biashara, Broad Street, akaliita St. Luke Emporium. Shida aliyotaka kuitibu ilikuwa hii: binti mweusi aliyesoma pale Richmond alikuwa na njia chache mno. Kama si mwalimu, basi jikoni kwa watu au kwenye beseni la kufulia. Duka lile liliwasimamisha mabinti weusi nyuma ya kaunta, wamevaa vizuri, wanauza kofia na vitambaa. Wafanyabiashara Wazungu wakaona hatari. Kwanza walimpa fedha nyingi aliachie lile jengo. Alipokataa, wakawabana wauzaji wa jumla wasimuuzie mali. Hilo angeweza kulivumilia. Lililomuuma ni kwamba wanawake weusi wenyewe, wanachama wake, waliendelea kupita mlangoni kwake kwenda kununua kwenye maduka yaliyowadharau. Aliwaambia waziwazi kwamba ubaguzi ni simba, na wao ndio wanaomlisha. Duka halikupona. Mwaka 1911 lilikuwa limefungwa.

Nawaeleza hilo kwa sababu ya kilichotokea upande wa pili. Richmond ilikuwa na chama kikubwa zaidi cha watu weusi, True Reformers, chenye benki iliyofunguliwa miaka 14 kabla ya ile ya Maggie, benki ya kwanza ya weusi kupewa kibali nchini Marekani. Walikuwa na hoteli, shamba, maduka, nyumba ya wazee. Benki yao ilikuwa inakopesha biashara za chama chenyewe bila dhamana ya maana, na keshia wao akaiba. Mwaka 1910 ikaanguka, na watu kwa mara nyingine wakalia barabarani. Jimbo la Virginia likakaza usimamizi. Vyama vikatakiwa kutenganisha benki na chama.

Mnaona ugumu wake? Benki ile ilikuwa mtoto wa chama. Wanachama walisema ni yetu, iweje tutenganishwe nayo? Maggie alitenganisha. Benki ikawa kampuni inayojitegemea, St. Luke Bank and Trust Company, yenye vitabu vyake na wakaguzi wake. Duka lake lilipokufa, lilikufa peke yake, halikuvuta amana za wafuaji kaburini. Kwangu mimi, mtu wa hesabu, hapo ndipo alipoonyesha ubingwa wake kuliko siku yoyote ya shangwe. Kufungua mlango mwaka 1903 kulihitaji ujasiri. Kuweka ukuta kati ya fedha ya watu na ndoto zako mwenyewe, wakati ndoto hizo ni njema na zinaungua, kunahitaji kitu ambacho sina jina lake.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na huruma naye. Mtoto wake wa pili alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1907 alianguka akaumia magoti, na maumivu hayo hayakumwacha. Usiku mmoja wa Juni 1915, mwanawe Russell alisikia nyayo barazani, akadhani ni mwizi, akafyatua bunduki. Aliyekuwa barazani alikuwa baba yake. Maggie alizika mume huku mwana yuko mikononi mwa sheria kwa shtaka la kuua. Alisimama na mwanawe mpaka mahakama ilipomwachia. Na humo humo, wakati machozi hayajakauka, wako waliotaka avuliwe uongozi wa chama. Alikwenda mbele ya wanachama akajitetea, wakambakiza. Russell naye alifariki mwaka 1923.

Kina mama walio hapa wanajua msiba wa namna hiyo unavyoingia kwenye mifupa. Alirudi ofisini. Mwaka 1924 chama alichokipokea na dola 31 kilikuwa na wanachama makumi kwa maelfu. Miguu ilipokataa kabisa alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akaweka lifti ndani ya nyumba yake na gari likatengenezwa kiti kiweze kuingia, na kazi ikaendelea.

Halafu ikaja miaka ya mtikisiko mkuu wa uchumi. Benki zilikuwa zinaanguka Marekani nzima, za Wazungu na za weusi. Kuanzia Januari 1930 benki ya Maggie iliungana na benki nyingine ya watu weusi pale Richmond, na mwaka uliofuata na ya tatu. Jina la St. Luke likaondoka mlangoni. Ikaitwa Consolidated Bank and Trust. Yeye akaacha urais, akawa mwenyekiti wa bodi. Fikirini jina ulilolitungia mwenyewe, ulilolililia, unakubali lifutwe ukutani ili aliyeweka senti zake azikute. Aliyakubali hayo. Benki hiyo ilivuka dhoruba, ikabaki mikononi mwa watu weusi mpaka mwaka 2005, zaidi ya miaka mia moja tangu siku ya senti 31.

Kwetu hapa, Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta. Nilikuwa miongoni mwa waliosononeka, na bado nasononeka. Lakini nikimtazama Maggie nakumbuka swali la kwanza la mtu wa benki: mwenye akiba yake aliipata? Ukishajibu hilo ndipo unalia jina.

Maggie Walker alifariki tarehe 15 Desemba 1934. Nyumba yake ya Leigh Street leo ni makumbusho ya taifa, samani zake zimo, na tangu mwaka 2017 sanamu yake imesimama Broad Street, barabara ile ile walikotaka asifungue duka.

Nimalizie kwa ya hapa ndani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama chenu na kuviweka daraja la nne. Maana yake serikali imekubali kwamba fedha iliyo ndani ya sanduku hili ni fedha kweli na ina wenyewe. Basi naomba mwaka huu mtu wa nje ya kikundi aje akague daftari, na asiwe shemeji ya mwenyekiti. Naomba mfuko wa jamii usiguswe kukopesha biashara ya kiongozi, hata kama biashara ni nzuri, hata kama ni ya wiki moja tu. Na Desemba mkivunja sanduku kugawana akiba, fikirieni kuacha sehemu ndani. Kila mwaka mnajaza kisima mnakikausha. Najua ada za shule za Januari zinawasubiri mlangoni, nimelea watoto na mimi. Lakini hata fungu moja la kumi likibaki, mzunguko ujao hauanzii sakafuni.

Mwenyekiti, nakushukuru. Naona sanduku limeshaletwa, liko pale kwenye mkeka na kufuli zake tatu. Wenye funguo wasogee mbele. Na yule binti aliyeniuliza mlangoni kama anaweza kuja mbele ya watu wote na hisa yake moja: mwanangu, njoo uanze wewe.